Nyoka Mweupe na Warithi Wake: Masimulizi ya Kale ya Kichina katika Sinema za Michoro za Kijapani

Makusudi ya makala hii ni kueleza jinsi masimulizi ya kale ya Wachina, ya mahaba na ya vita pamoja, yalivyoingia katika sinema za michoro za Wajapani ziitwazo anime, na jinsi yalivyogeuzwa humo. Jambo lenyewe hutajwa mara nyingi, lakini aghalabu hutajwa kwa wepesi mno. Mtu akiona joka, au jumba la mfalme ambalo paa lake limepinda pembe, husema papo hapo kwamba hayo yametoka China, akaridhika. Atoaye hoja namna hiyo hajathibitisha kitu. Kuonyesha kwamba hadithi moja imezaliwa na nyingine ni kazi iliyo sawa na kuonyesha kwamba neno fulani limekopwa kutoka lugha fulani: haitoshi sauti kufanana, sharti ijulikane njia neno lilimopita, nani alilibeba, na limebadilika kwa kanuni gani lilipokuwa safarini.

Tuanze na istilahi, maana ndipo wengi wanapojikwaa. Lugha kadha za Ulaya zina neno moja litumikalo kwa kisa cha mahaba na pia kwa masimulizi marefu ya mashujaa wa zamani. Basi watafsiri wa huko walipokikuta kile kitabu kikubwa cha Wachina kisimuliacho habari za Falme Tatu, walikipa jina hilo la maana mbili, na msomaji aliyetazamia wapenzi akakuta majemadari, hila za vita, na wanaume watatu walioapa undugu. Sisi wasemao Kiswahili hatuna udhia huo, kwa kuwa kisa cha mahaba tunakiita hivyo, na habari za mashujaa tunazitia katika tenzi. Wachina wenyewe huita masimulizi hayo ya pili yanyi. Sehemu ya kwanza ya neno hilo, yan, ina maana ya kukunjua au kunyoosha, na pia kuonyesha jambo mbele ya watu. Sehemu ya pili, yi, ni maana ya jambo, tena ni haki na wajibu. Yanyi basi ni kuyakunjua yaliyomo katika kumbukumbu kavu za wanahistoria mpaka kila mtu aone maana yake na wajibu uliomo ndani yake. Kando yake ipo aina nyingine, chuanqi, yaani kupokezana mambo ya ajabu: hadithi fupi, nyingi zikiwa za zama za nasaba ya Tang, zenye mizimu, mbweha wageukao wanawake, na nyoka waolewao na wanadamu. Anime imerithi kutoka matumbo haya mawili, wala warithi wake hawafanani.

Njia ya kwanza ya urithi huo ilikuwa macho na ulimi. Kwa karne nyingi Mjapani msomi alikisoma kitabu cha Kichina kwa namna isiyo ya kawaida. Herufi mbele yake ni za Kichina tupu, zimepangwa kwa nahau ya Kichina. Kando yake zimetiwa alama ndogo za kumwelekeza msomaji aruke wapi na arudi wapi, ili ayatamke maneno hayo kwa mpango wa Kijapani na kwa viambishi vya Kijapani. Katika pwani yetu mwalimu wa chuo husoma aya kwa Kiarabu kisha akaifasiri kwa Kiswahili. Yule Mjapani huyafanya yote mawili kwa pumzi moja, jicho likiwa ugenini na ulimi ukiwa nyumbani. Lakini elimu hiyo ilifaa kwa Kichina cha kale tu. Hadithi za watu zilizopigwa chapa China tangu karne ya 16 na ya 17 ziliandikwa kwa lugha isemwayo sokoni, na wanachuoni wa Japani walishindwa nayo. Waliowafungulia mlango walikuwa wakalimani wa bandari ya Nagasaki, ambako majahazi ya Wachina yaliruhusiwa kufanya biashara wakati nchi ilipokuwa imefungwa kwa wageni wengi. Mmoja wao, Okajima Kanzan, alifundisha Kichina cha mazungumzo katika mji wa Edo mwanzoni mwa karne ya 18, na jina lake limehusishwa na chapa ya mwaka 1728 ya mwanzo wa kitabu cha wale wahalifu 108 wa kinamasi, iliyotiwa alama za kusomea. Si ajabu kwangu kwamba fasihi nzima ilibadilika kwa sababu ya makarani wa forodhani. Lugha nyingi zimefunguliwa na watu wa namna hiyo.

Sasa tuje kwa Nyoka Mweupe, maana kisa chake ndicho kinachoonyesha mambo haya kwa uwazi kupita vingine vyote.

Katika hadithi za Kichina za mwanzo mwanamke huyo ni balaa tupu. Yupo katika kisa cha zama za Tang ambamo kijana akutana naye njiani, akalala kwake, kisha akarudi nyumbani na mwili wake ukayeyuka chini ya shuka. Yupo tena katika hadithi ya Ziwa la Magharibi la mji wa Hangzhou iliyochapwa katikati ya karne ya 16, akila maini ya wanaume. Mwaka 1624 mhariri Feng Menglong akatoa mkusanyo ambao jina lake lina maana ya maneno ya kuuonya ulimwengu, na ndani yake tunakuta kisa kilichokwisha pata sura tuijuayo: kijana aitwaye Xu akutana siku ya mvua na mwanamke mzuri aliyevaa nguo za matanga, akamwazima mwavuli; kurudishiwa mwavuli kukaleta ndoa; ndoa ikaleta kesi za mali ya wizi; mwisho mtawa Fahai akafichua kwamba mwanamke yule ni nyoka, akamfungia chini ya Mnara wa Leifeng. Kitabu chajieleza kuwa ni onyo, lakini tayari mwanamke huyo amempenda mumewe kweli, na msomaji haoni furaha afungwapo.

Hapo watu wa michezo ya kuigiza wakamchukua. Katika tamthilia ya Fang Chengpei ya mwaka 1771 yeye si balaa tena. Mumewe afapo kwa kumwona ana umbo la nyoka, yeye huhatarisha nafsi yake kwenda kuleta mmea wa uhai. Mtawa amzuiapo mumewe katika hekalu la Jinshan, yeye huyainua maji ya mto kuligharikisha. Naye humzaa mtoto wa kiume ambaye hukua akafaulu mtihani mkuu wa dola. Tazama basi: katika muda wa miaka mia na hamsini hivi, onyo limegeuka kuwa malalamiko juu ya yule aliyeonya. Mnara wenyewe ulianguka tarehe 25 Septemba 1924, na mwandishi Lu Xun akaandika insha ya kufurahia, akisema kwa kejeli kwamba yule mtawa hakuwa na kazi ya kufanya ila kuingilia ndoa ya watu. Mnara mpya ulijengwa mahali pale pale, ukafunguliwa mwaka 2002.

Japani ilikipokea kisa hiki kabla hakijalainika. Ueda Akinari, katika kitabu chake cha hadithi 9 kilichotoka mwaka 1776, aliuchukua muundo wa Feng Menglong karibu hatua kwa hatua: mvua, mwavuli, kijakazi, mali ya wizi. Lakini aliuhamishia pwani ya Kii, akampa kijana jina la Toyoo na mwanamke jina la Manago, na katika mwisho wake akamleta kasisi wa hekalu la Dojoji. Jina la hekalu si la bahati. Kila Mjapani alijua hadithi ya msichana aliyegeuka nyoka kwa hasira ya mapenzi, akamwunguza kijana ndani ya kengele ya hekalu hilo hilo. Kisa kigeni kilifika penye shimo lililokwisha chimbwa, kikaingia humo. Kwa hiyo Manago hapati huruma. Hufukiwa, naye Toyoo akaishi salama. Hivyo ndivyo neno la kukopwa linavyofanya likikuta neno la wenyeji lifananalo nalo: maana zake huvutwa upande wa mwenyeji.

Ndipo yafika mambo ya karne ya 20. Mwaka 1956 kampuni ya Toho, ikishirikiana na wenye sinema wa Hong Kong, ilitoa sinema ya rangi ya kisa hiki, na aliyecheza kama Nyoka Mweupe alikuwa Yamaguchi Yoshiko. Mwanamke huyu alizaliwa Manchuria kwa wazazi wa Kijapani, na wakati wa vita alionyeshwa katika sinema za propaganda kama Mchina kwa jina la Li Xianglan. Vita vilipokwisha Wachina walimshtaki kwa kuisaliti nchi, akaokoka ilipothibitishwa kwamba hakuwa Mchina kamwe. Miaka kumi baadaye akapewa kumwigiza kiumbe aonekanaye kuwa kitu asicho, apendwaye kwa umbo lile na kuhukumiwa kwa umbo hili. Sijui kama walioigawa kazi hiyo walilifikiri jambo hilo, lakini mtazamaji wa wakati ule aliyekuwa na kumbukumbu hakuweza kulikosa.

Mwaka huo huo wa 1956 kampuni ya Toei ilianzisha karakana yake ya michoro, na tarehe 22 Oktoba 1958 ikatoa Hakujaden, yaani Habari za Nyoka Mweupe, sinema ya kwanza ya Japani ya michoro ya rangi iliyo ndefu kamili, ya dakika 78, iliyoongozwa na Yabushita Taiji. Waigizaji wawili tu, Morishige Hisaya na Miyagi Mariko, walizitoa sauti zote. Humo Xu Xian akiwa mtoto humfuga nyoka mdogo mweupe, wakubwa wakamlazimisha kumtupa. Nyoka akawa mwanamke, akamrudia alipokuwa kijana. Yule rafiki yake, ambaye katika tamthilia ni nyoka wa buluu, hapa amekuwa samaki. Wameongezwa wanyama wa kuchekesha, akiwamo panda, ingawa panda hawaishi karibu na Hangzhou. Wanyama hao nimewaona kuwa mchango wa Marekani kuliko wa China, maana kila sinema ya Disney ya siku zile ilikuwa nao.

Lililo kubwa ni mwisho. Mwanamke hutoa nguvu zake zote za uganga ili kuuokoa uhai wa mpenzi wake, akawa mwanadamu wa kawaida. Na mtawa Fahai, akiona hivyo, huacha kumpinga, na wapenzi wakaenda zao. Huu si mwisho wa Akinari. Unaendelea mkondo wa China, ule wa jukwaani, na kuupeleka mbele zaidi kuliko jukwaa lilivyothubutu. Watunzi wa Toei walikuwa na Manago wao nyumbani, tena mashuhuri, kwa kuwa sinema ya Mizoguchi Kenji iliyojengwa juu ya kitabu hicho cha Akinari ilikuwa imepata tuzo Venice mwaka 1953. Hawakumtaka. Walimtaka nyoka wa Wachina.

Kwa nini? Yapo majibu mawili, na sioni haja ya kulitupa moja. Mkuu wa kampuni, Okawa Hiroshi, alitaka sinema za kuuzwa nje, na kisa kijulikanacho tangu Hong Kong hata Singapore kilifaa biashara. Lakini pia ilikuwa miaka kumi na mitatu tu tangu kwisha kwa vita ambavyo majeshi ya Japani yalikuwa yameiharibu China tangu mwaka 1937, na serikali za Tokyo na Beijing hazikuwa na uhusiano wa kibalozi hata mwaka 1972. Katika hali hiyo karakana mpya, katika sinema zake tatu ndefu za mwanzo, ilitoa mbili kutoka vitabu vya Wachina. Wengine wamesema hiyo ilikuwa toba. Mimi nasema neno hilo ni zito kuliko ushahidi. Lakini hadithi ambamo mwenye mamlaka akiri kwamba alimhukumu vibaya yule asiye wa jinsi yake, haikuchaguliwa na watu waliosahau kila kitu.

Miongoni mwa walioitazama alikuwa Miyazaki Hayao, aliyezaliwa mwaka 1941, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari. Ameandika mwenyewe kwamba alimpenda yule mwanamke wa michoro, akalia, na kwamba alitambua siku hiyo kuwa alikuwa na hamu ya maigizo ya moyo mnyofu aliyokuwa akijifanya kuyadharau. Mwaka 1963 akaingia kazini Toei. Huu ndio ushahidi wa namna niupendao: mtu, kazi, tarehe, na kauli yake mwenyewe. Kinyume chake, sinema yake ya mwaka 2008 kuhusu samaki mtoto aachaye uganga awe mwanadamu, wakati bahari ikiinuka na kuyafunika makazi, itamshawishi mtu amwone humo Nyoka Mweupe na gharika ya Jinshan. Lakini chanzo kijulikanacho cha sinema hiyo ni binti wa baharini wa Andersen. Kufanana kupo, nami siwezi kukataa kwamba katika moyo wa mtunzi vyanzo viwili huweza kuchanganyika. Ila mahakamani shahidi huyo hangepokelewa.

Urithi wa Mfalme wa Nyani nitaupitia upesi, kwa kuwa wengi wanaujua. Ndugu wa ukoo wa Wan walitengeneza Shanghai, mwaka 1941, mji ukiwa umezungukwa na Wajapani, sinema ndefu ya michoro iitwayo Binti Kipepeo cha Chuma, iliyochukuliwa kutoka Safari ya Kwenda Magharibi. Mwaka 1942 ilionyeshwa Japani, na mtoto Tezuka Osamu akaitazama. Alipokua alichora manga yake ya nyani huyo tangu mwaka 1952 hata 1959, nayo ikawa msingi wa sinema ya Toei ya mwaka 1960. Katika miaka ya 1980 Tezuka alikwenda Shanghai akakutana na mzee Wan Laiming. Mwaka 1984 Toriyama Akira alianza Dragon Ball, ambamo nyani amekuwa mvulana mwenye mkia, akiwa na fimbo irefukayo na wingu la kupanda. Zile tufe saba zitafutwazo humo hazikutoka katika kitabu cha nyani. Toriyama alizipata katika Hakkenden, hadithi ya Takizawa Bakin iliyotoka tangu mwaka 1814 hata 1842, ambamo mashujaa wanane wana shanga nane. Akapunguza moja zisiwe sawa. Na Bakin alijifunza kuwakusanya mashujaa wake, mmoja baada ya mmoja, kutoka wale wahalifu 108 wa Kichina. Hivyo China imeingia mara mbili katika kazi moja, mara ya kwanza kwa mlango wa mbele na mara ya pili kupitia kwa jirani.

Kuhusu Falme Tatu, kitabu hicho, ambacho chapa yake ya kale iliyobaki ni ya mwaka 1522, kilitafsiriwa kwa Kijapani kati ya mwaka 1689 na 1692. Yoshikawa Eiji alikisimulia upya magazetini wakati wa vita, tangu mwaka 1939 hata 1943, na Yokoyama Mitsuteru akakichora katika vitabu 60 vya manga kati ya mwaka 1971 na 1987, vilivyofuatwa na anime ya televisheni ya sehemu 47. Haya ni marudio ya wazi. Linalovutia zaidi ni pale ambapo nguo za Kichina zimevuliwa zikabaki mifupa. Tanaka Yoshiki, mwandishi aliyezama katika historia ya China, alitunga tangu mwaka 1982 hadithi ya vita vya nyota ambayo ilifanywa anime ya sehemu 110 kati ya mwaka 1988 na 1997. Kwa macho haina China hata chembe: majeshi huvaa kama ya Prussia, na majina mengi ni ya Kijerumani. Lakini ziko dola mbili zishindanazo na nchi ya tatu inayocheza katikati. Wako majemadari wawili waheshimianao kuliko waheshimuvyo mabwana zao. Na juu ya yote iko sauti ya msimulizi anayesema kama mtu anukuuye wanahistoria waliokuja baadaye, akitutangulizia kifo cha mtu kabla hajafa. Hiyo ni sauti ya yanyi. Yeye atazamaye mavazi tu ataipita asiione. Nami sina budi kutaja, kwa ajili ya burudani, anime ya mwaka 2022 ambamo mshauri mkuu wa vita Kongming afufuka katika vilabu vya muziki vya Shibuya, akazitumia hila zake za kale kumsaidia msichana mwimbaji. Mzaha huo hauchekeshi ila kwa taifa ambalo kila mtu wake amemjua Kongming tangu shuleni.

Tofauti na hizo ni hadithi za jumba la wake za mfalme, ambazo katika miaka hii zimekuwa nyingi. Mizizi yake ni mirefu. Mwaka 806 mshairi Bai Juyi alitunga shairi juu ya mfalme Xuanzong na kipenzi chake Yang Guifei, aliyeuawa mwaka 756 askari walipoasi njiani; na Murasaki Shikibu, mwanzoni mwa karne ya 11, aliifungua hadithi yake ya Genji kwa mfalme ampendaye mno mke wa daraja la chini, wakuu wakinong’ona na kukumbuka yaliyompata Yang Guifei. Kisa cha Shajara za Mtabibu, kilichoanza kutolewa mwaka 2011 na kuonyeshwa kama anime tangu mwaka 2023, kinasimama juu ya desturi hiyo kwa kuipindua: shujaa wake Maomao, msichana mjuzi wa dawa na sumu, huliingia jumba hilo kama kijakazi, naye hataki kupendwa na mtu. Nchi yake haipo katika ramani. Imeshonwa kwa vipande vya nasaba mbalimbali za China.

Lakini kazi iliyonifikirisha kuliko zote katika kundi hili ni Falme Kumi na Mbili ya Ono Fuyumi, ambayo vitabu vyake vilianza kutoka mwaka 1992 na anime yake ilionyeshwa mwaka 2002 na 2003. Wachina wa kale walisema kwamba mfalme hutawala kwa agizo la mbingu, na akipotoka agizo huondolewa. Katika yanyi hilo ni fundisho, nalo hujulikana baada ya mambo kutokea: aliyeshinda alikuwa na agizo, aliyeshindwa hakuwa nalo. Ono amelifanya fundisho hilo kuwa mashine. Katika ulimwengu wake mnyama mtakatifu, kirin, humteua mfalme kwa kuinama mbele yake. Mfalme akidhulumu, kirin huugua, na kirin akifa kwa ugonjwa huo mfalme naye hufa. Kisha anauliza swali ambalo wanahistoria wa kale hawakuweza kuliuliza: ikiwa dhuluma hujulikana bila shaka yoyote, je, wafalme watakuwa wema? Jibu lake ni kwamba hawatakuwa. Yoko, msichana wa shule wa Kijapani aliyeteuliwa bila kutaka, hutumia muda mrefu akijifunza kuacha kuyapendeza macho ya watu kabla hajaweza kuamuru lolote. Hapa urithi haukurudiwa, umehojiwa.

Limebaki jambo la majina, ambalo mtu wa taaluma yangu hawezi kulinyamazia. Herufi za Kichina husomwa Kijapani kwa sauti zilizozoeleka tangu zamani, hata Sun Wukong akawa Son Goku na Zhuge Kongming akawa Shokatsu Komei. Majina hayo yamekwisha kuwa raia. Lakini katika Hakujaden yule mwanamke huitwa Painyan, kwa kuigiza Kichina cha leo, wala si kwa usomaji wa kale. Watunzi walimtaka mgeni. Kinyume cha hilo ni anime ya mwaka 1995 iitwayo Fushigi Yugi, ambamo msichana Miaka afungua kitabu cha kale cha Kichina katika maktaba, akavutwa ndani yake. Wapiganaji wanaomlinda wana majina ya Kijapani safi, Tamahome, Hotohori, Nuriko, hata mtu hudhani mtunzi ameyabuni; kumbe ni usomaji wa kienyeji wa majina ya vituo 28 vya nyota vya Wachina. Ugeni uko mbinguni na wenyeji uko mdomoni. Ukitaka kujua hadithi iliyokopwa imekaa mbali kiasi gani na moyo wa waliokopa, sikiliza majina yanavyotamkwa.

Katika miaka ya karibuni mkondo umeanza kurudi ulikotoka. Vijana wa China waliokua wakitazama anime sasa wana karakana zao, na baadhi ya kazi zao huwekewa sauti za Kijapani na kuonyeshwa Japani. Mwaka 2019 ilitoka China sinema ya michoro ya Nyoka Mweupe iliyowekwa miaka mia tano kabla ya kisa kile cha mwavuli, katika siku za mwisho za Tang. Humo kijana wa kijiji cha wakamata nyoka humpenda mwanamke asiyekumbuka yeye ni nani. Ijulikanapo kwamba mwanamke ni nyoka, na kwamba wanadamu na majini hawawezi kuishi pamoja, kijana hasubiri mpenzi wake ageuke mtu, kama ilivyokuwa mwaka 1958. Yeye ndiye aendaye kuuza ubinadamu wake, akarudi akiwa jini mdogo mwenye mkia, dhaifu kuliko wote.